Fundi na Mti Wake: Historia ya Ufundi wa Mbao katika Ukanda wa Segese na Kahama

Segese ni kata iliyo katika Halmashauri ya Msalala, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, mahali ambapo Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma wamechanganyika kwa vizazi vingi, na ambapo misitu ya miombo inayopanda kutoka Tabora inakutana na ukanda wa miamba yenye dhahabu unaoelekea Geita. Hali hiyo ya nchi ndiyo iliyoongoza historia ya ufundi wa mbao katika eneo hili: miombo ilimpa fundi malighafi, na dhahabu, ilipoanza kuchimbwa, ikamletea wateja wenye fedha pamoja na washindani walioutaka mti uleule kwa kazi nyingine. Historia hiyo inaeleweka vizuri zaidi inapotazamwa kupitia umbali uliopo baina ya fundi na mti wake. Fundi wa kale aliuchagua mti ungali umesimama. Wajukuu zake walinunua mbao kwa mpasuaji waliyemfahamu. Fundi wa leo hupokea mbao zilizoshushwa kutoka kwenye lori, bila kujua zilikatwa lini wala zilikulia wapi. Katika kila hatua ya safari hiyo zana ziliboreka, na katika kila hatua sehemu fulani ya maarifa ya kuchagua ilibaki nyuma.

Jina miombo, ambalo wanasayansi wa misitu hulitumia kwa misitu mikavu inayoanzia Tanzania hadi kusini mwa Afrika, limetokana na myombo, mti wa jamii ya Brachystegia unaoota kwa wingi katika nchi ya Wanyamwezi. Kwa fundi, hata hivyo, myombo na ndugu yake mtundu haikuwa na thamani kubwa ya mbao, kwa kuwa mbao zake hupinda, hupasuka zinapokauka na huliwa upesi na mchwa. Miti hiyo ilifaa zaidi kwa magome, kuni na mkaa. Miti ya fundi ilikuwa michache, nayo ilitawanyika katikati ya hiyo mingi. Wa kwanza ni mninga, unaoitwa kitaalamu Pterocarpus angolensis, mti ambao gome lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na ambao mbao yake ina sifa mbili ambazo ni nadra kukutana katika mti mmoja: haiwi ngumu kwa patasi, na husinyaa kidogo sana inapokauka, hivyo mlango uliotengenezwa nayo haukwami wakati wa masika wala haulegei wakati wa kiangazi. Wa pili ni mkola, unaoitwa mkongo katika maeneo ya pwani, wenye mbao nzito na imara inayofaa kwa mihimili na milango ya nje. Wa tatu ni mpingo, ambao mita moja ya ujazo ya mbao yake kavu hupita kilo 1,200, karibu mara mbili ya mninga, na ambao kipande chake kikitupwa majini huzama. Mti huu huwa mwembamba na wenye kupindapinda, kwa hiyo ulitumika kwa vitu vidogo vinavyohitaji ugumu, kama vile michi na rungu.

Kuujua mti kwa jina hakukutosha, kwa sababu ndani ya mti mmoja mlikuwa na mbao za namna mbili. Sehemu ya nje, iliyo nyeupe na inayopitisha maji mti ukiwa hai, huliwa na wadudu hata katika mninga, na uimara unaosifiwa ni wa sehemu ya ndani peke yake, ile yenye rangi iliyokoza. Mninga mchanga una weupe mwingi na sehemu ndogo ya ndani, na ndiyo maana fundi aliyekwenda porini alipima unene wa shina kabla ya kuinua shoka. Kazi nazo zilitofautiana: nguzo ya nyumba ilihitaji mti usioliwa na mchwa, na mpini ulihitaji mti wenye nyuzi ndefu unaonepa bila kuvunjika, kama mkole. Methali isemayo kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni inabeba ukweli wa kiufundi, maana katika nchi hii chuma kilinunuliwa kwa wengine, na mti wa kukitia nguvu ulitakiwa kutambuliwa na mwenye shoka mwenyewe.

Chuma hicho kilitoka karibu. Kaskazini na magharibi mwa Kahama, katika Uzinza na maeneo ya Geita, waliishi mafundi wa kuyeyusha chuma waliojulikana kama Warongo, waliopata udongo wenye chuma, wakaupika katika matanuru kwa mkaa wa miti migumu na mivukuto ya ngozi, kisha wakafua majembe, mashoka na tezo. Tezo ni chombo chenye ubao wa chuma uliokaa kukingama mpini, tofauti na shoka ambalo makali yake hufuata mpini, na kwa chombo hicho fundi huchonga akivuta makali kuelekea kwake. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kati chuma cha shoka kilichongoka upande wa nyuma na kupenyezwa katika kichwa kinene cha mpini, na hivyo kiliweza kuchomolewa, kugeuzwa na kuwa tezo, kwa kuwa chuma kilikuwa ghali na mpini ulikuwa rahisi. Majembe ya chuma yalitumika pia kama mahari na kama fedha ya kubadilishana. Uyeyushaji huo ulidhoofika baada ya majembe ya viwandani kutoka Ulaya kuingia kwa bei nafuu, lakini kumbukumbu yake ilikuwa bado hai kiasi kwamba mwaka 1943 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya uyeyushaji wa chuma katika wilaya ya Kahama.

Kwa zana hizo mbili, shoka na tezo, mafundi wa zamani walifanya kazi ya kuchonga, ambayo inapaswa kutofautishwa na useremala. Mchongaji huanza na kitu kizima na kukipunguza mpaka umbo linalotakiwa libaki, ilhali seremala huanza na vipande na kuviunga. Kigoda, kinachoitwa isumbi katika Kisukuma, kilichongwa kutoka gogo moja, miguu na kikalio vikiwa kitu kimoja, bila msumari wala gundi. Kazi hiyo ilianza mti ukiwa mbichi, kwa kuwa mbao mbichi hukatika kwa urahisi na mbao kavu ya mti mgumu huuchosha mkono na kuharibu makali. Ubichi huo ulikuwa pia na hatari yake: gogo linalokauka husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wa shina kuliko kuelekea katikati, karibu mara mbili, na kwa sababu hiyo gogo la duara lililoachwa zima hupasuka kutoka katikati hadi nje. Mchongaji aliikabili hatari hiyo kwa kulipasua gogo na kuuondoa moyo wake, kwa kupunguza unene mapema ili unyevu utoke sawasawa, na kwa kukiweka kigoda kivulini kikiwa kimefunikwa na kupakwa mafuta ili kisikauke kwa pupa. Umaliziaji ulifanywa kwa majani ya msasa, mti wa jamii ya mikuyu wenye majani yanayokwaruza, ambao jina lake limehamia kwenye karatasi ya kusugulia mbao inayouzwa leo katika kila duka la vifaa vya ujenzi.

Kiwango cha juu cha ufundi huo kinaonekana katika kiti cha enzi kilichochukuliwa mwaka 1898 na afisa wa jeshi la Wajerumani kutoka kwa mtawala mwanamke aliyeitwa Nyaso, wa Buruli katika Unyamwezi, na ambacho sasa kimo katika makumbusho ya ethnolojia ya Berlin. Kiti hicho, chenye kimo kinachozidi kidogo mita moja, kina egemeo refu ambalo nyuma yake limechongwa umbo la mtu, na ugumu wake wa kiufundi umo katika jambo ambalo mtazamaji hulipita kwa urahisi: egemeo, kikalio na miguu vyote ni vya gogo moja, na hivyo sehemu kubwa ya mti iliondolewa kwa tezo ili kiti kibaki. Mchongaji wa kazi ya namna hiyo alilazimika kuliona umbo ndani ya mti uliosimama, kujua uelekeo wa nyuzi zake kuanzia chini hadi juu, na kuepuka mafundo ambayo yangevunja egemeo jembamba. Desturi ya viti vya kitawala ilihifadhiwa baadaye katika makumbusho ya Wasukuma huko Bujora karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na padri David Clement katikati ya karne ya 20.

Useremala wa kuunga uliingia kwa njia ya misafara. John Hanning Speke alipopita Msalala mwaka 1858 akitoka Tabora kuelekea ziwa ambalo baadaye lilipewa jina la Victoria, njia za biashara ya pembe za ndovu zilikuwa zimekwisha kuiunganisha nchi hii na Bagamoyo na Zanzibar, na huko Tabora wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga nyumba za tembe zenye milango ya mbao iliyoungwa. Msamiati wa kazi unaonyesha njia ambayo ujuzi ulipitia: randa, chombo cha kulainisha uso wa mbao, ni neno lenye asili ya Kiajemi na linalotumika pia India, na patasi nayo ina ndugu yake katika lugha za India. Msumeno, kwa upande mwingine, ni neno lililoundwa nyumbani kwa kuunganisha kisu na meno, na jina hilo linaeleza kazi ya chombo kwa usahihi kuliko majina mengi ya kigeni. Baadaye wamisionari wa Shirika la White Fathers, waliofungua misheni ya Ushirombo magharibi mwa Kahama mwaka 1891, walihitaji madirisha, mabenchi na paa za makanisa, na ujenzi wao ukawa miongoni mwa njia zilizoeneza kazi ya randa, patasi na kiungo cha ulimi na tundu, ambamo ncha ya ubao mmoja huchongwa nyembamba na kupenyezwa katika shimo la mwingine.

Kiungo hicho kilibadilisha kigezo cha kuchagua mbao. Mchongaji aliweza kuvumilia ubichi kwa kuwa kitu chake kilisinyaa chote kwa pamoja. Seremala hawezi, kwa sababu ulimi uliokatwa ukiwa mbichi utasinyaa ndani ya tundu na kulegea, na meza iliyosimama imara mwezi Machi itayumba ifikapo Septemba. Kwa hiyo pamoja na zana mpya fundi alilazimika kupata kitu ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni muda. Mbao za mninga zilipangwa kivulini kwa safu, vijiti vikiwekwa kati ya safu na safu ili upepo upite, na ncha zikapakwa rangi au mafuta kwa sababu unyevu hutoka haraka zaidi nchani na kusababisha nyufa. Kanuni inayotumika kwa miti migumu, kwamba kila sentimeta mbili na nusu za unene zinahitaji takriban mwaka mmoja wa kukauka kwa hewa, ilimfanya fundi mzuri awe mtu mwenye akiba ya mbao kabla ya kuwa mtu mwenye zana nyingi.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake lililopita Isaka kuelekea Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kuanzia hapo mninga wa Unyamwezi ukawa bidhaa ya kusafirishwa. Kati ya mti na fundi akaingia mtu wa tatu, mpasuaji mbao. Wapasuaji walifanya kazi wawiliwawili: gogo liliviringishwa juu ya shimo au jukwaa, likapigwa mstari kwa kamba iliyopakwa masizi, kisha mmoja akasimama juu akiongoza msumeno mrefu katika mstari huo, na mwenzake akakaa chini akiuvuta, unga wa mbao ukimwangukia usoni kutwa nzima. Msumeno huo hukata unapovutwa chini, na hivyo nguvu ilikuwa ya mtu wa chini, ilhali ubora wa mbao ulitegemea jicho la mtu wa juu. Methali isemayo kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo ilikuwa maelezo halisi ya siku ya kazi, maana gogo la mninga halikusogezwa kwa mikono mitupu. Mpasuaji alikuwa wa kwanza kuona ndani ya mti, akajua mahali penye ufa na mahali penye fundo, na fundi aliyekuwa na uhusiano mzuri naye aliweza kuagiza mbao zilizopasuliwa kuelekea katikati ya shina, ambazo hazipindi sana, badala ya zile zilizokatwa ubavuni. Maarifa ya porini yalikuwa yamehama kutoka kwa fundi, lakini yalikuwa bado yanapatikana kwa kuuliza.

Wakati huohuo misitu yenyewe ilikuwa inaondoka. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliendesha kampeni ya kuangamiza mbung'o, nzi anayeeneza malale na nagana, na kituo cha utafiti wake kikawa Shinyanga chini ya Charles Swynnerton. Njia mojawapo kuu ilikuwa kufyeka vichaka na miti ambamo nzi hao walikaa, na katika maeneo yaliyofyekwa ikafuata pamba pamoja na mifugo iliyoongezeka. Sehemu kubwa ya mkoa wa Shinyanga ikawa uwanda usio na miti, hata fundi wa mashariki ya mkoa akategemea mbao za Kahama na Tabora. Wasukuma walikuwa na desturi iliyopunguza hasara hiyo, nayo ni ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili litumike kiangazi, ambamo miti hupata nafasi ya kuchipua. Lakini Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ilipowahamisha watu kutoka makazi yao ya zamani, iliwatenganisha wengi na ngitili zao. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, na kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ngitili zilizorejeshwa zilihesabiwa kwa laki kadhaa za hekta, kazi iliyoupatia mradi huo tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2002.

Dhahabu ilileta aina nyingine ya mahitaji. Mgodi wa Geita wa enzi za ukoloni ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na baadaye wachimbaji wadogo walimiminika katika maeneo mengi ya ukanda huo, likiwemo Bulyanhulu, kaskazini mwa Segese, walikochimba hadi mwaka 1996 kabla ya mgodi mkubwa kuanza uzalishaji mwaka 2001. Mchimbaji mdogo huchimba duara, yaani shimo linaloshuka wima, na kabla ya kufikia mwamba hupita katika udongo laini unaoweza kuporomoka, kwa hiyo kuta huzuiwa kwa matimba. Matimba ni magogo yaliyokatwa kwa urefu wa pande za shimo, yakachongwa mapengo nchani ili kila moja likae juu ya jingine pembeni, na kupangwa kuanzia mdomoni kwenda chini kama kuta za sanduku lisilo na kitako. Anayefunga matimba hahitaji mbao laini wala yenye rangi nzuri. Anahitaji gogo lililonyooka, gome lake liwe bichi au kavu, lakini lenye nyuzi zisizokatika ghafla, kwa kuwa gogo la namna hiyo linapozidiwa na uzito huanza kulia na kupinda, na mlio huo humpa aliye chini nafasi ya kupanda. Huo ni ufundi wa mbao kwa maana kamili, na kosa la kuchagua humo hulipwa kwa uhai. Mgodi mkubwa wa kisasa hushikilia miamba kwa vyuma na saruji, lakini maduara ya wachimbaji wadogo yameendelea kula miti michanga yenye unene wa nguzo, ambayo ingeachwa ingekuwa mbao za kizazi kinachofuata.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliweka uvunaji chini ya leseni, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ukapewa jukumu la kuisimamia katika misitu ya Serikali Kuu. Mninga halali ukawa ghali, na karakana za Kahama na vituo vya biashara vya ukanda wa dhahabu zikajaa paini. Mbao hizo husafiri mamia ya kilomita kutoka Mafinga, ambako shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi hukuza misindano, yaani miti ya paini, inayovunwa baada ya miaka 25 au hata mapema zaidi. Paini ina faida zake: ni nyepesi, hukubali msumari bila kupasuka, na ikitiwa dawa hufaa kwa kenchi za paa. Mti mchanga, hata hivyo, hutoa mbao yenye pete pana na nyuzi zinazojikunja, nayo ikifika ikiwa mbichi na kufanywa kitanda cha sita kwa sita ndani ya wiki moja, itapinda ikiwa tayari chumbani kwa mnunuzi. Kampeni ya madawati ya mwaka 2016, iliyoagizwa na Rais John Magufuli, ilionyesha pande zote mbili za hali hiyo, kwani iliwapa mafundi wa nchi nzima kazi nyingi kwa mara moja, na kwa kuwa ilikuwa na tarehe ya mwisho, haikuacha nafasi ya kusubiri mbao zikauke.

Zana za leo hazina lawama katika jambo hilo. Randa ya umeme hulainisha kwa dakika chache uso ambao randa ya mkono ingeuchukulia saa nzima, na patasi zinazofuliwa na wahunzi wa mtaani kutoka springi za magari hushika makali vizuri zikipozwa kwa uangalifu. Kinachopotea ni taarifa ambayo mkono uliipokea: randa ya mkono inayosukumwa kinyume cha nyuzi hung'oa na kukwaruza, na kwa njia hiyo humwambia fundi mti ulikua ukielekea wapi, ilhali mashine hupita juu ya kosa hilo bila kulitaja mpaka vanishi ikauke. Fundi anayetaka kulifidia pengo hilo anazo njia za zamani ambazo hazikugharimu kitu wala hazijapitwa na wakati: kuinyanyua mbao na kulinganisha uzito wake na ya jirani, kwa kuwa ile nzito kupita kiasi bado ina maji, kuigonga na kusikiliza, kwa kuwa mbao kavu huitika kwa sauti kali, kuitazama kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha ili kuona mpindo, na kuangalia pete nchani, zinazoonyesha mbao ilikatwa upande gani wa shina na itapinda kuelekea wapi.

Historia ya ufundi wa mbao katika ukanda wa Segese inaonyesha, basi, kwamba uhaba wake mkubwa haujawahi kuwa wa vyombo. Tezo moja ilitosha kutoa kiti cha Nyaso kwa kuwa mchongaji aliujua mti, na karakana yenye mashine tano inaweza kutoa mlango usiofunga kwa kuwa hakuna aliyeuliza mbao ilikatwa lini. Mninga huchukua karibu karne moja kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na miche iliyochipua katika ngitili za Kahama mwaka 1986 bado haijafika nusu ya umri huo.